Chumba cha Sonara

Siku hiyo duka la miwani lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Wanafunzi, wazee, dereva mmoja aliyekalia miwani yake mwenyewe, wote walimtaka Lenzi. Ndivyo walivyomwita yule binti fundi, kwa kuwa hakuna aliyemzidi kukata vioo. Alikuwa na koti jeupe juu ya gauni la zambarau, penseli kaichomeka nyweleni. Alipoinua uso akamwona kaka mmoja mrefu, kifua kama mlango, kabana kwapani miwani ya kuzamia, ile ya mpira inayofunika hadi pua.

"Dada, nataka unitilie vioo vya macho kwenye hii."

"Hii? Unakwenda kusoma gazeti chini ya maji?"

Duka zima likaangua kicheko. Yule kaka naye akacheka. "Nikishuka naona ukungu mtupu. Juzi nimelisalimia jiwe."

"Likaitikia?"

"Lina maringo kama wewe."

"Jina lako?"

"Wenzangu wananiita Mapafu. Navuta pumzi nakaa nayo."

"Basi ivute, ukakae nayo mwisho wa foleni."

Alirudi kuichukua. Akarudi tena, akidai inambana. Mara ya tatu alikuja bila miwani wala kisingizio, kavaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka likakatika mistari, na Lenzi akafunga duka mapema. Tangu hapo simu hazikukatika.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Wewe umekauka?"

"Nusu. Njoo unianike."

"Huna adabu wewe!"

Mama yake Lenzi, mjane asiyecheka ovyo, alimpenda kijana yule akaanza kumwita mkwe kabla hajaleta barua ya uchumba. Alimpakulia kwanza, akamkemea kwa kula haraka. Mapafu alisema kazi yake ni kukagua nguzo za gati. Kuhusu baba, Lenzi alimwambia tu kwamba alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na Mapafu hakuchimba.

Kisha habari zikatangazwa. Kampuni moja ya wazamiaji ilikuwa imeopoa sanduku la mapambo ya dhahabu kutoka kwenye meli ya abiria iliyozama zamani. Lenzi alisikia jina la meli, kioo kikamponyoka mkononi. Baba yake alikuwa sonara, na ndani ya meli hiyo alikuwa akisafiri na mali yake yote.

Kesi ikaanza kunguruma. Kampuni ilidai kwamba mali iliyotelekezwa baharini ni ya aliyeiokota. Shirika la bima likadai lilishalipa fidia zamani, kwa hiyo dhahabu ni yake. Mama naye akasimamisha wakili kama mrithi.

"Dhahabu wagawane wakitaka," alimwambia wakili. "Mimi nataka kujua mume wangu amelala wapi."

Jioni hiyo Lenzi alimsimulia Mapafu yote kwenye simu, pamoja na jina la meli.

"Mtandao upo hapo?"

"Upo."

"Mbona umenyamaza, mpenzi?"

"Nitakupigia."

Hakupiga. Siku zilizofuata alijibu kwa neno moja moja, mara yuko kazini, mara ana homa. Lenzi akajua kaporwa bwana. Akampigia, akasema bila salamu, "Kama umepata mwingine niambie, nijue nakulilia au nakutukana!"

"Hakuna mwingine, Lenzi. Wallahi hakuna."

"Basi kuna nini?"

Simu ikakatwa.

Alilijua jibu mahakamani. Wakili wa kampuni alimwita shahidi wake, mzamiaji aliyeingia ndani ya meli, na mlangoni akatokea Mapafu, kavaa suti ya kuazima iliyomfika juu ya vifundo. Mama akamshika Lenzi goti. Mapafu akaapa, macho sakafuni.

Wakili wa Mama akasimama. "Ulipoingia katika chumba cha sonara melini, ulikuta nini?"

"Sanduku."

"Na nini kingine?"

"Mchanga."

"Hapakuwa na mabaki ya mtu?"

"Hapakuwa na mtu."

Swali hilo ndilo lililobeba kesi. Sheria ilisema meli yenye marehemu ndani ni kaburi, na haiguswi bila ridhaa ya ndugu zao. Mtu mmoja tu akipatikana mle, kampuni ingekosa kila kitu.

Lenzi alimfuata mpaka chumbani kwake mchana huohuo. Kitanda hakikutandikwa, nguo za kuzamia zilining'inia dirishani zikitoa harufu ya mpira na chumvi. Hakukaa.

"Niangalie usoni urudie ulichosema."

Mapafu akaketi sakafuni.

"Alikuwepo," akasema. "Amelikumbatia sanduku. Nilimwondoa mikono ili nilitoe."

"Ulimwona vizuri?"

"Vizuri."

"Kwa vioo nilivyokutengenezea mimi?"

Mapafu akajifunika uso. "Ndivyo. Sikujua ni nani, Lenzi, naapa. Nilijua siku uliponitajia meli. Na bosi alishatukataza kuitaja kazi ya meli, tena akatuonya: atakayesema kuna maiti, timu nzima inalala njaa."

"Ndiyo maana ukanikimbia."

"Ningekushikaje tena?"

Lenzi alilia huku akiondoka. Alipofika mlangoni akageuka. "Usiniambie mimi. Kamwambie Mama."

Kesi ilipoitwa tena, Mapafu aliomba kusahihisha ushahidi wake. Wakili wa kampuni akaruka kupinga, jaji akamketisha. Mapafu akasema yote, na alipofika kwenye mikono aligeuka akazungumza na Mama peke yake. Mama akainuka bila kuitwa.

"Mlango ulikuwa umefungwa, baba? Alikosa njia?"

"Ulikuwa wazi, Mama."

"Basi ni yeye," Mama akasema, akaketi. "Asingeiacha kazi ya mikono yake."

Jaji aliitangaza meli kuwa kaburi. Sonara aletwe azikwe, sanduku liwe la warithi wake, shirika la bima, lililolipia meli tu, na kampuni waondoke mikono mitupu. Mapafu alinyang'anywa leseni, akapewa kifungo cha nje kwa kusema uongo chini ya kiapo. Wenzake walimpita kama hawamjui.

Baada ya maziko Mama alimwita bintiye. "Kijana alikosea, akatubu mbele za watu. Ukimtaka, mwanangu, sina kinyongo."

Lenzi alijaribu. Walikutana mgahawani, yeye kavaa gauni la kijani alilokuwa akilisifia Mapafu, na Mapafu akamwomba amuoe. Kisha akaunyoosha mkono kuushika wake. Lenzi aliuvuta wake kabla hajajua ameuvuta.

Wakatazamana.

"Hunichukii," Mapafu akasema taratibu.

"Nakupenda mpaka naumwa. Lakini kila ukinigusa, namwona yeye."

Mapafu alihamia mji wa mbali, bara kabisa, akawa anachomelea matangi ya maji. Miezi ikapita. Adhuhuri moja simu ya duka ikaita.

"Lenzi?"

Akaijua pumzi kabla ya sauti. "Hujambo?"

"Sijambo. Mama anaendeleaje?"

"Analala siku hizi. Haamki tena kuchungulia mlango kumngoja Baba."

"Alhamdulillahi. Na wewe?"

Lenzi akaubana mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Wateja wananisubiri," akasema, akaiweka simu chini.

Duka lilikuwa tupu.