Niko Salama, Asante

Kila mtumishi wa Kampuni ya Minara Kusini aliyesafiri kikazi alivaa kifuani mlinzi-njia, chombo kisichozidi kifungo cha koti. Kilisikiliza moyo wake, kikapima upepo, na kila saa kikamuuliza hali. Majibu yake yalipokewa na mtambo na kutokea kwenye ukuta wa skrini huko Iringa, mbele ya Sikitu Nyenza, msimamizi wa safari.

Mchana ule mafundi arobaini walikuwa njiani, na ukuta mzima ulikuwa kijani.

"Fundi Ngonyani, Milima ya Livingstone," mtambo ukasoma. "Niko salama. Asante."

Sikitu akaacha kutafuna chakula chake cha mchana. Ngonyani, amshukuru yeye? Yeye Mhehe, Ngonyani Mngoni, watani hasa. Miaka sita hajawahi kumjibu bila kumchokoza. Asubuhi tu alikuwa amesema: "Nipo hai, we mla mbwa! Yule wa jirani yako bado anabweka, au umeshamtia sufuriani?"

Akafungua kumbukumbu za majibu ambayo mtambo haukuyasoma kwa sauti. Saa tano: asante. Saa sita: asante. Saa saba: asante. Mapigo ya moyo: hakuna kipimo. Mtambo ulikuwa ukijijibu wenyewe.

Akampigia mkurugenzi. "Bwana Lwiza, nani kauagiza mtambo ujibu mtu akinyamaza?"

"Mimi. Milimani mawasiliano hukatika ovyo. Tusimamishe kazi kila fundi akikohoa? Watu wa bima wanataka ukuta wa kijani."

"Kumbe tunalinda ukuta!"

Hakungoja ruhusa. Akavuta mpini mwekundu wa dharura. Safari zote arobaini zikasimama, na vipanga vya uokoaji, ndege zisizo na rubani, vikaruka na waokoaji kuelekea milimani. Kwa dakika ishirini na nane alisimama wima mbele ya ukuta. Kisha ikaja sauti ya mwokoaji: wamemkuta chini ya nguzo iliyoanguka. Anapumua. Mguu wa kulia lazima ukatwe. Angepatikana saa tano, ungepona.

Haikupita saa moja, Lwiza akaingia, tai imekaa upande.

"Bibi Nyenza, umetuaibisha. Watu thelathini na tisa wazima umewakwamisha njiani! Wateja wapo hewani, wanafoka. Waombe radhi, yaishe."

Sikitu akakivuta kipaza sauti.

"Mimi ni Sikitu Nyenza. Tulimtuma mtu mlimani, tukaiachia mashine imsemee. Safari nilizisimamisha mimi. Siombi radhi."