Picha za Wakati Kamera Imesimama

Haya yalimpata rafiki yangu Hulda, mkata filamu wa sinema bubu kule Fort Lee, Marekani. Binti yake Minna aliigiza mtoto anayetoweka kitini: Otto, mpiga picha, anaacha kuzungusha mpini wa kamera, Minna anatoka, kisha Otto anaendelea, hivyo kutoka kwake hakuingii kwenye filamu.

Katika chumba chake cha giza cha kusafishia filamu, Hulda alikuta picha za Minna akitoka, mkono juu kama ameshikwa. Kando yake hapakuwa na mtu.

Akamwita Otto. “Ulizungusha Minna alipokuwa akitoka?”

“Dada, nilikuwa natafuna mkate kwa mikono miwili.”

Minna akaingia. Hulda akamwuliza nani alimshika mkono.

“Si wewe, mama? Na sasa hivi umeniita tena.”

Nje kamera ikaanza kukwaruza kama inazungushwa. Otto alikuwa bado chumbani. Minna akageukia mlango, mkono umeshainuka.