Tamko la Afisa wa Kazi

Mbeyu alikuwa amekwisha toka katika duka la kutoa nakala, pale Ukunda, alipokumbuka kwamba ameiacha orodha juu ya kioo cha mashine. Alirudi mbio, baibui amelikunja mkononi, akawapenya wanafunzi waliojaa mlangoni. Karatasi ile ilikuwa na majina sitini na moja ya wafanyakazi wa hoteli waliojiunga na chama kwa siri. Ikimfikia meneja kabla ya wakati, watu wangekosa kazi.

Mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alimnyooshea karatasi ikiwa imegeuzwa chini.

"Sikuisoma, dada."

"Umejuaje kwamba si ya kusomwa?"

"Uso wako umeniambia."

Aliitwa Luqman. Alikuwa amesomea sheria, na sasa alikuwa afisa wa kazi wa serikali mjini Kwale. Mbeyu alikuwa mfuaji katika hoteli moja ya Diani na katibu wa chama cha wafanyakazi. Haukupita mwezi, wakawa wanapigiana simu kila jioni.

"Umekula nini leo, mpenzi?"

"Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Na wewe, Bwana Serikali?"

"Chai."

"Chai si chakula! Utakonda mpaka wakutafute kitini wasikuone."

Kisha hoteli ikakataa kukitambua chama. Mgogoro ukapelekwa serikalini, na barua ikaja: msuluhishi ni Luqman. Siku hiyo hiyo simu zake zikakoma. Mbeyu alipiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili Luqman alipokea, sauti yake ikiwa ya chini.

"Usinipigie tena mpaka siku ya kikao."

"Wamekununua?"

"Siwezi kusema chochote, Mbeyu."

Akakata. Mbeyu aliketi juu ya furushi la mashuka. Mama Subira, mfanyakazi mwenzake aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi orodhani, aliacha kupiga pasi.

"Mwanangu, tuko salama?"

"Tuko salama, mama," alijibu, na hakuamini.

Kikao kilikuwa Jumanne. Orodha ilikuwa imekabidhiwa kwa meneja, kama sheria inavyotaka. Chama kisipotambuliwa, ingekuwa orodha ya watu wa kufukuzwa. Wakili wa hoteli, Bi Kavumbi, aliyevaa suti ya kijivu, aliketi kando ya meneja, akaiweka simu yake mezani. Mbeyu aliona picha kwenye kioo chake: yeye na Luqman wakila viazi karai Mwabungo, wakicheka. Msuluhishi akiwa mpenzi wa katibu, mahakama ingefuta kila atakachoamua.

Bi Kavumbi alivuta pumzi ili aseme. Luqman alimtangulia. Alisimama na karatasi mkononi.

"Kabla kikao hakijafunguliwa, natamka kwa maandishi kwamba nina uhusiano na katibu wa chama, Mbeyu Abdurahman. Nia yangu ni kumuoa. Sikulijadili shauri hili naye. Ninajiondoa. Wiki ijayo atakuja afisa mwingine kutoka Mombasa. Leo halijaamuliwa neno, kwa hiyo hakuna la kufutwa. Mpaka wakati huo, asiguswe mfanyakazi yeyote."

Bi Kavumbi aliizima simu yake.

"Sina pingamizi," alisema.

Mbeyu alimfuata Luqman barazani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, tungekuwa tumelijadili shauri, na tamko langu lingekuwa uongo."

"Nami nilikudhania umenunuliwa. Nisamehe." Kisha akamkazia macho. "Lakini wewe! Umeniposa mbele ya meneja wa hoteli, baba yangu hana habari?"

"Baba yako namwogopa kuliko wakili."

"Na wakubwa wako?"

Luqman aliikunja karatasi mara nne. "Sijui kama mwezi ujao nitakuwa na kazi."

Watu walikuwa wakiwatazama madirishani. Mbeyu hakumshika mkono. Aliufunga mtandio wake, vidole vikiwa bado baridi.

"Njoo Ijumaa baada ya swala, pamoja na wazee wako," alisema. "Na ukiwa huna kazi, njoo hivyo hivyo."