Jasho la Ukuta

Kila asubuhi Mama Pasi aliwasha pasi kabla hajanywa chai. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Alifua na kunyoosha nguo za watu katika chumba cha chini cha nyumba ya ghorofa moja. Humo humo alipika. Humo humo alilala yeye, mama mkwe wake na binti yake wa miaka kumi. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na nyumbani alionekana kwa nadra.

Binti huyo watu walimwita Mbona, kwa sababu kila swali lake lilianza na neno hilo.

Ulikuwa msimu wa baridi. Mama Pasi alikuwa ameziba dirisha kwa nailoni ili vumbi la barabarani lisichafue nguo. Zilizofuliwa alizianika ndani, kwenye kamba iliyopita juu ya vitanda. Zilizonyooshwa alizipanga kabatini. Kabati lilikuwa limegandana na ukuta wa nje.

Siku moja alikuja msimamizi wa zahanati kuchukua makoti meupe ya wauguzi. Alikunjua moja, akageuza kola.

"Mama Pasi, hiki ni nini?"

Kwenye kola kulikuwa na vidoa vyeusi, vidogo kama ufuta.

"Nililifua vizuri, dada. Nakuapia."

"Sina shaka. Lakini hii ni kuvu. Wiki iliyopita niliiona nikanyamaza. Mgonjwa akiona koti la muuguzi lina kuvu, ataamini vipi kwamba sindano ni safi? Nitakuletea makoti mara moja tu tena. Yakirudi hivi, natafuta dobi mwingine."

Alipoondoka, Mama Pasi alilisukuma kabati. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa umelowa, na umeota weusi toka chini hadi kiunoni.

"Ukuta unalia," alisema Mbona. "Mbona unalia?"

"Muulize wa juu!" alijibu mama yake.

Wa juu alikuwa fundi wa friji, mtu mkimya aliyeishi peke yake. Bafu lake lilikuwa juu ya chumba hicho. Mama Pasi hakuhitaji ushahidi zaidi. Alitoka hadi bombani uani, akawaambia wanawake waliokuwa wakichota maji kwamba fundi anaoga na kumwaga ovyo, na maji yake yanaoza makoti ya watu. Fundi aliposhuka ngazi, habari ilikuwa imeshamtangulia.

"Habari za asubuhi, Mama Pasi."

"Habari gani, fundi, na bafu lako linanimwagia maji?"

"Naweza kuona?"

Fundi aliingia. Hakuutazama ukuta kwanza, alitazama dari. Akapanda juu ya kiti, akaigusa kwa kiganja.

"Dari ni kavu. Maji yangu yaliwezaje kuiruka yakatua ukutani?"

"Maji yana akili zake."

"Maji hayana akili. Yana njia. Tutafute njia yake."

"Utafute wewe? Mshtakiwa ageuke hakimu?"

Mama mkwe alicheka kitandani. "Hapo amekushika, fundi."

"Kweli, bibi. Basi msiniamini mimi. Nipeni kipande cha nailoni na selotepu."

Alichagua sehemu ya ukuta, akaifuta kwa kitambaa hadi ikakauka. Akabandika nailoni yenye ukubwa wa daftari, akaiziba kwa selotepu pande zote nne, bila kuacha hata tundu la sindano.

"Mbona unaziba kote?" aliuliza Mbona.

"Ili maji yasichanganyike. Yakipenya toka ndani ya ukuta, yatanaswa nyuma ya nailoni. Yakitoka humu chumbani, yatatua mbele yake. Msibadilishe kitu chochote. Pikeni, anikeni, pigeni pasi kama kawaida. Baada ya siku mbili tutatazama."

"Na yakiwa nyuma?" aliuliza Mama Pasi.

"Nitavunja sakafu ya bafu langu kwa mikono yangu mwenyewe."

"Bibi umesikia? Wewe ni shahidi."

Siku mbili hizo zilikuwa ndefu. Mbona aliitembelea nailoni mara kwa mara kama mtu aliyeatamisha mayai. Mama Pasi naye alijifanya hana habari nayo, ila kila alipopita aliitupia jicho. Makoti mapya ya zahanati yalikuwa yameletwa, bado yakiwa ndani ya kapu, na hakuthubutu kuyafua.

Asubuhi ya siku ya tatu fundi alishuka.

"Guseni ninyi," alisema. "Mimi mikono yangu mfukoni."

Mama Pasi alipitisha kidole mbele ya nailoni. Kidole kilirudi kimelowa. Matone yalitiririka hadi sakafuni. Akabandua selotepu polepole, akagusa nyuma yake. Akagusa tena. Nyuma palikuwa pakavu.

Bibi alijiinua kitandani.

"Mwanangu, bafu la watu limeshinda kesi."

"Basi yametoka wapi?" Mama Pasi alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ndani hakuna bomba."

Fundi alipanda juu, akarudi na chupa ya sharubati nyekundu kutoka kwenye friji yake. Ilikuwa imefungwa. Aliifuta ikakauka, akaiweka mezani karibu na jiko. Haikuchukua muda, chupa ikajaa matone kwa nje.

"Inavuja!" alisema Mbona.

"Una hakika? Ifute kwa kitambaa cheupe."

Mbona alifuta. Akakitazama kitambaa, akakigeuza.

"Ni maji tu. Hakina wekundu. Ingekuwa inavuja, kingekuwa chekundu."

"Basi yametoka wapi?"

Mtoto alitazama chupa, akatazama sufuria iliyokuwa ikichemka bila mfuniko, akatazama nguo mbichi kwenye kamba.

"Hewani?"

"Hewani. Hewa hubeba maji tusiyoyaona. Huo ni mvuke. Hewa yenye joto hubeba mwingi. Ikigusa kitu cha baridi, inapoa, inashindwa kuubeba wote. Unaozidi unageuka matone. Chupa hii ni baridi, na ukuta wenu wa nje ni baridi pia. Ndiyo maana mimi kila siku naona friji zikitokwa na jasho, na hakuna anayemshtaki jirani."

Mama Pasi aliitazama kamba ya nguo.

"Lakini mvuke wote huo, fundi?"

"Hesabu mwenyewe. Kila nguo iliyoingia humu mbichi ikatoka kavu, maji yake yameachwa humu. Ongeza mvuke wa pasi. Ongeza sufuria. Ongeza pumzi zenu mkilala. Na dirisha umeliziba. Yaende wapi?"

"Kumbe hata mimi na pumzi zangu nimo kwenye mashtaka," alisema bibi.

"Wewe ni mshtakiwa mdogo sana, bibi. Kamba ya nguo ndiyo kubwa lao. Kuvu nayo huota penye unyevu. Nyuma ya kabati hewa haipiti, kwa hiyo hapo ndipo ilipojenga."

Mama Pasi alishika nailoni ya dirisha kwa mikono miwili, akaing'oa. Hewa baridi iliingia.

"Mifupa yangu!" bibi alilalamika.

Walikubaliana kwamba dirisha na mlango vifunguliwe pamoja adhuhuri, bibi akiwa uani juani, na tena kila baada ya kupiga pasi. Kamba ilihamishiwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, ambako vumbi la barabara halifiki. Sufuria ilipata mfuniko. Kuvu waliisugua kwa sabuni na kitambaa kibichi, pua na mdomo vimefunikwa, kwa kuwa ikikwanguliwa kavu vumbi lake huingia kifuani. Ukuta ulipokauka, kabati lilirudishwa, ila safari hii liliachwa upana wa kiganja kutoka ukutani. Ndipo Mama Pasi akayafua makoti.

Msimamizi alipokuja aligeuza kola moja baada ya nyingine. Akageuza makwapa. Akanusa. Kisha akamwita dereva wake.

"Lete na lile kapu la mashuka."

Jioni hiyo Mama Pasi alikwenda bombani na ndoo zake. Wanawake walikuwepo, wale wale. Fundi alipita na mkoba wake wa vifaa, na mmoja wao akakonyeza mwenzake.

"Huyo anakuja, mwaga-maji."

Mama Pasi alitua ndoo chini.

"Nilimsingizia," alisema, kwa sauti ya kumfikia fundi ngazini. "Maji yalikuwa yangu. Niliyafungia ndani mwenyewe."

Kisha mwanamke mmoja, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akasogea karibu.

"Ulijuaje? Kwangu nako ukuta umelowa, na mimi namlaumu mwenye nyumba."

"Una nailoni?"

"Ninayo." Mama Pasi akamweleza jinsi ya kuibandika ukutani na kuigusa mbele na nyuma baada ya siku mbili. "Na nikiyakuta maji nyuma yake?"

"Mwite mwenye nyumba, akarabati. Lakini tazama kwanza, ndipo useme."