Nyasi Zilizolaliwa

Doa lilianza upande wa kivuli, nyuma ya nyumba ya wageni ya mzee Projestus, likiwa na ukubwa wa sinia. Adelfina aliliona asubuhi akimwagilia, akamlaumu mbwa. Mkojo wa mbwa huunguza ukoka katikati na kuuacha kijani kibichi pembeni, na yeye aliyetunza bustani ile ya Biharamulo tangu binti yake Zita akiwa mgongoni aliujua ugonjwa huo kama alivyoijua homa ya mtoto. Akamwaga maji mengi, akaendelea na kazi.

Doa halikupona. Likarefuka. Akavuta nyasi aone kama funza wamekula mizizi, maana mizizi ikiliwa ukoka hufunuka kama mkeka. Ukoka ukagoma. Akamwaga maji ya sabuni ili wadudu wapande juu, hakupanda hata sisimizi. Akachoma nondo ya chuma ardhini apime kama udongo umeshindiliwa. Nondo ikazama kama kisu kwenye ndizi mbivu, na alipoichomoa ilikuwa na joto. Aliifuta kwenye kitenge akajiambia ni jua, ingawa jua lilikuwa halijafika upande ule. Wakati huo doa lilikuwa limepata bega, kiuno, na magoti yaliyokunjwa. Umande haukulala pale.

Projestus akasema wageni wake wanataka mahali pa kupigia picha, si kaburi. Akaamuru nyasi zilizokufa zikwanguliwe na mbolea imwagwe.

Adelfina akakwangua kwa reki. Zilizotoka zilikuwa kavu, laini, rangi ya asali, hazina vumbi. Akazitazama, akaona haya kuzichoma. Jumapili Zita alikuwa anapata komunio ya kwanza, na mama mkwe wa Adelfina, Tecla, alikuwa anakuja kutoka Keza. Kwa kina Tecla mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi sakafuni, na aliyetandikiwa ameshaambiwa bila maneno kwamba nyumba ni yake. Kiangazi kile nyasi nzuri zilikuwa adimu. Adelfina akajaza gunia, akaenda nalo nyumbani, akatandika sebule nzima.

Jioni ile Zita alijilaza juu ya nyasi, akasema amechoka. Asubuhi midomo yake ilikuwa imepauka. Zahanati walimpima malaria wasiione, wakampa dawa za minyoo. Siku zilizofuata nywele zake zikaanza kubaki kwenye kitana, kavu, zikikatika kama mabua, na rangi ikamtoka kuanzia begani kushuka kiunoni, upande mmoja tu, ule aliolalia.

Na nyumba ikanuka majani yaliyofyekwa sasa hivi. Adelfina alifungua madirisha, akadeki korido, akafua mapazia, harufu ikabaki. Na jioni moja, akiwa amekaa chumbani na Zita, baba wa mtoto akiwa Kaniha kwenye mavuno na mlango wa mbele ukiwa na komeo, alisikia nyasi za sebuleni zikilia polepole chini ya uzito, kama zinavyolia mtu mzima anapogeuka ubavu kutafuta usingizi, kisha zikanyamaza, kisha zikalia tena, karibu zaidi na mlango wa chumba.

"Mama," Zita akanong'ona, "mgeni wetu halali?"

Tecla alifika Jumamosi mchana. Alisimama kizingitini na kapu lake la ndizi, akakataa kuingia.

"Shikamoo mama," Adelfina akasema.

Tecla hakuitikia marahaba. "Nyasi hizi umezitoa wapi?"

Adelfina akaeleza. Mama mkwe akashusha kapu taratibu.

"Nimetoka Keza kwa pikipiki na basi, kiuno kimekufa, halafu nakuta nafasi yangu imekaliwa," akasema kwa sauti ya chini. "Nyasi hizi zimeshalaliwa, mama Zita. Aliyezilalia nyinyi mnamwita jini. Alikuwa amelala zake kule nje. Wewe umemtandikia."

Adelfina akauliza padri aitwe au atafutwe mganga. Tecla akasema padri ataitwa baadaye, na mganga angemfukuza, na anayemfukuza mgeni aliyemtandikia mwenyewe anabaki na laana. Mgeni hulishwa, kisha husindikizwa. Akapika ndizi na maharage, akaamuru sahani iwekwe katikati ya nyasi na mlango ufungwe. Walipofungua, chakula kilikuwa kimekauka na kupasuka kama tope la kiangazi.

"Ameridhika. Zoa zote, usiache hata unyasi mmoja. Zitandike pale pale ulipozitoa. Kisha umwambie kwa sauti: Tumeachana hapa, usinirudishe. Usilisahau hilo. Mgeni mwenye adabu ukimsindikiza naye hugeuka akakurudisha hadi kwako. Na huyu ana adabu sana."

Adelfina alibeba gunia kichwani. Lilikuwa zito kuliko nyasi.

Jua lilikuwa linashuka alipozitandika juu ya doa. Zilibonyea bega, kiuno, magoti, polepole, kama godoro linalopokea mtu. Akafungua mdomo aseme.

"Adelfina! Umerukwa na akili?" Projestus alikuwa barazani. Aliuliza kwa nini anamrudishia takataka mahali alipoamuru pasafishwe, na kesho ana wageni. Adelfina akamwamkia, akaomba radhi, akaahidi kuzitoa Jumatatu, akasemwa mpaka mzee alipochoka akaingia ndani. Naye, mawazo yote yakiwa kwa mtoto, akakunja gunia akaondoka mbio.

Alikumbuka alipokuwa ameshavuka ua wa michongoma. Aliyasema maneno hapo hapo, bila kugeuka, mara mbili, na njia ilikuwa ya udongo mtupu, imefagiliwa, haina jani. Lakini nyuma yake, kila alipoweka mguu, nyasi kavu zilisikika zikikanyagwa, bila haraka, kwa umbali ule ambao mtu mwenye heshima huuacha kati yake na mwenyeji wake.

Tecla alimwona kwa mbali. Akaanza kunyoosha mkono wa kumpokea gunia, kisha akaurudisha na kushika rozari.

Zita alikuwa amesimama mlangoni anakula ndizi, midomo imerudi rangi. Alisogea kumpisha mama yake. Kisha akabaki ameuegemea mlango, ameushikilia wazi, kama mtoto aliyefunzwa vizuri, mpaka wa pili naye akapita.