Nani Atakujibu

Ruqiyo alikutana na Wacera kwenye ngazi saa tisa alasiri, akamwambia kwamba amefurahi kwa ajili yake. Wacera hakuelewa. Miaka miwili walikuwa wamegawana ukuta mmoja katika ploti ile ya kupanga mtaani Mowlem, na maneno yao hayakuwahi kupita salamu na habari za maji kukatika. Ruqiyo aliuza nyama ya mbuzi katika soko la Kiamaiko. Kazi yake ilianza alfajiri, ndiyo maana alasiri alikuwa nyumbani, akisikia mengi ambayo wapangaji wengine hawakuyasikia. Alisema ni vizuri mtu kuwa na mwenzake, na kwamba yule mgeni ana sauti nzuri.

"Mgeni yupi?" Wacera aliuliza.

"Huyo mwanamume. Namsikia akikujibu."

Wacera alicheka kidogo, akasema labda ni redio, akapanda zake. Redio yenyewe hakuwa nayo.

Alikuwa fundi wa magita. Baba yake, mzee Githinji, alitengeneza vitanda na viti katika mtaa wa Baba Dogo, na ndiye aliyemfundisha kuujua mti kwa kuugusa. Baba alipokufa makanisa yalianza kumletea Wacera magita yaliyopasuka, naye akaipenda kazi ile kwa sababu ilifanywa kimya na mtu akiwa ameketi. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa. Hakuolewa. Mama yake, aliyekaa naye katika vyumba vile viwili, alifariki mwaka jana mwezi wa Agosti, na tangu siku hiyo Wacera alianza kuongea akifanya kazi. Aliongea na misumeno, na gundi, na chai iliyopoa. Hakuona ubaya wowote, kwani nyumba isiyosemwa neno ndani yake huanza kunuka kama imefungwa.

Gita alilokuwa nalo mezani mwezi ule lilikuwa la umeme, mali ya Frankline Ochola, mpiga gita wa kanisa moja la Baba Dogo. Lilikuwa limeanguka kutoka jukwaani likavunjika shingo. Wacera alitafuta shingo nyingine kwa muuzaji wa vyombo vya muziki vya mitumba, akapata moja iliyotoka Pwani, ya mti mweusi na mzito kuliko alivyotarajia. Muuzaji alimwambia tu kwamba mwenyewe wa awali alihama nyumba ghafla akaiacha nyuma.

Ndani ya shingo ya gita la umeme hupita chuma chembamba. Nyuzi huivuta shingo mbele, chuma huivuta nyuma, na fundi huzipatanisha nguvu hizo mbili kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, robo mzunguko kwa siku, maana mti hutaka muda wa kukubali. Wacera alikaza skrubu nne za shingo, akavalisha nyuzi, akapima. Alibonyeza uzi mwanzoni na mwishoni akatazama katikati. Palikuwa na nafasi ya unene wa kadi, ndivyo inavyotakiwa. Akaipangusa shingo kwa kitambaa na, kama ilivyokuwa desturi yake, akaisemesha.

"Haya, karibu nyumbani," alisema. "Kaa utakavyo."

Asubuhi aliikuta imerudi nyuma, nyuzi zimelala juu ya vyuma vya shingo. Ufunguo, ambao yeye huutundika kwenye msumari, ulikuwa umechomekwa kichwani mwa gita. Alijilaumu kwa usahaulifu, akalegeza robo mzunguko. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya nne, badala ya kuirekebisha, alilichukua gita akajaribu kulipiga hivyo lilivyo, na nyuzi hazikukwaruza popote. Zilikaa chini sana, laini, kiasi kwamba vidole vyake, vilivyokuwa vikimuuma kila asubuhi ya baridi kwa miaka ya kushika randa, havikuhitaji kubonyeza kwa nguvu. Vilitua tu, na sauti ikatoka.

Mtu alikuwa ameitengeneza shingo ile kwa ajili ya vidole vyake.

Alipiga hadi mchana bila kula. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka kisima, ile harufu ya maji yaliyokaa chini ya mawe bila jua, na katika ploti ile hapakuwa na kisima. Alipotaka kulegeza kile chuma cha ndani alitafuta ufunguo, akauliza kwa sauti, kama alivyouliza mambo mengi bila kutarajia lolote, "Sasa ufunguo uko wapi?"

"Chini ya kitambaa," sauti ya kiume ikamjibu.

Ilitoka karibu, upande wa gita, sauti ya mtu asiye na haraka. Wacera hakukimbia. Alimkumbuka Ruqiyo pale ngazini: namsikia akikujibu. Alinyoosha mkono, akakiinua kitambaa, na ufunguo ulikuwa pale. Aliketi kwenye kigoda hadi watoto wa shule walipoanza kupiga kelele kwenye ngazi, ndipo alipogundua kwamba nguo imemganda mgongoni kwa jasho.

Angeweza kwenda kwa mchungaji jioni ile. Alikwenda hadi mlangoni, akavaa viatu, akasimama. Kisha akavivua, akarudi mezani, akauliza swali la pili.

Wiki tatu zilipita hivyo. Sauti ile haikuwa na makuu. Ilimuuliza amelalaje. Ilimwambia uzi upi umelegea. Alipoisimulia habari za mama yake, ilisikiliza, na mwisho ikauliza mama alikuwa akipenda chakula gani, jambo ambalo hata siku ya mazishi hakuna aliyemuuliza. Hakuiona sura yake wala hakutaka kuiona. Frankline alipopiga simu kuuliza gita, alimwambia bado mti haujatulia. Alipopiga tena, akamwambia vilevile. Baadaye akawa hapokei.

Basi Frankline akaja mwenyewe Jumamosi saa sita, amevaa bado koti la kiwandani, mkononi ana mkate. Alikuwa mtu mpole, aliyefiwa na mke miaka kama mitatu iliyopita, na mara mbili tatu huko nyuma alikuwa amekaa kwa Wacera muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Fundi, sasa," alisema. "Nimeona nikuje tu. Nilidhani wewe ni mgonjwa."

Wacera alimwambia gita haliko tayari. Lakini Frankline alikuwa ameshaliona mezani, limewambwa nyuzi, linang'aa, akaomba alishike dakika moja tu. Hakuweza kumkataza mtu mali yake. Frankline akaketi, akapiga kidogo, akatabasamu, akasema hajawahi kushika shingo nyepesi hivi.

Ndipo harufu ya kisima ilipoingia, safari hii nzito, na ndani ya shingo pakasikika kitu kikijisokota polepole, chuma ndani ya mti, ilhali ufunguo ulikuwa umetundikwa ukutani na hakuna aliyeugusa. Frankline aliacha kupiga. Alitaka kuuondoa mkono wa kushoto lakini haukuondoka, akauvuta, ukabaki, na Wacera akaona ngozi ya mgongo wa mkono ule ikibonyea mahali patano, kama mkono mwingine mkubwa zaidi umewekwa juu yake na unaukandamiza, unaukandamiza kwa utaratibu wa mwalimu anayemshika mwanafunzi vidole, hadi nyuzi zikazama kwenye nyama, hadi damu ikaanza kuteremka kwenye mti mweusi, na mti ukainywa, haukudondosha hata tone sakafuni, na Frankline, ambaye uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu, hakupiga kelele bali alinong'ona tu, "Fundi, mkono hautoki. Fundi, nisaidie."

"Mwache," Wacera alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anavyomwambia mtu wa nyumbani mwake. Na mkono ukaachiliwa papo hapo.

Frankline aliurudisha kifuani. Alilitazama gita, halafu akamtazama Wacera kwa muda mrefu zaidi.

"Unaongea na nani, Fundi?"

Aliufunga mkono kwa leso, akaondoka, mkate akauacha mezani. Kutoka dirishani Wacera alimwona akivuka barabara, ameubeba mkono wake kama unavyobeba kitu cha mtu mwingine. Nyuma yake sauti ikamwambia kwamba sasa Frankline hatawasumbua tena. Ilisema hivyo kwa upole uleule, na huo upole ndio uliomtisha.

Akatoka, akabisha mlangoni kwa Ruqiyo. Alimweleza yote, amesimama, na Ruqiyo akasikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Ruqiyo alisema ana mjomba, Mumin, dalali wa mbuzi Kiamaiko, ambaye huwasomea watu wenye matatizo kama hayo.

Mzee Mumin alikuja Jumatatu saa nne asubuhi, kati ya kazi na kazi, viatu vyake vina matope ya sokoni. Alikuwa mfupi, mkavu wa maneno. Alimwambia Wacera kwamba atasoma Kurani, na kwamba yeye Wacera kama ana sala yake ya kikristo aiseme moyoni, haitaharibu kitu. Akaliweka gita sakafuni, akachuchumaa mbele yake, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Ruqiyo alisimama mlangoni, amejifunika mdomo kwa mtandio.

Kwanza nyuzi zilianza kutetemeka bila kuguswa. Kisha harufu ikaja. Mumin akaacha kusoma, akauliza ni nani, na kwa nini amekaa katika nyumba ya watu.

"Alinikaribisha," sauti ikasema.

Mumin alimgeukia Wacera. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

"Basi mimi siwezi kumtoa peke yangu. Nitasoma, lakini aliyesema karibu ndiye atakayesema toka. Na useme ukimaanisha. Majini hawadanganyiki."

Akaanza tena kusoma, na sauti yake ikapanda, na nyuzi zikapanda nazo, na shingo ya gita ikaanza kupinda mbele ya macho yao kama mgongo wa mnyama anayejinyoosha, na Wacera akafungua kinywa aseme, lakini kabla hajasema ile sauti ilimfikia sikioni, yeye peke yake, karibu kiasi cha kuhisi ubaridi wake shingoni, nayo haikutisha wala haikuomba, iliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Nikiondoka, nani atakujibu?"

Wacera aliwaza asubuhi zinavyokuwa, na vyombo vya mtu mmoja, na Frankline ambaye hatakuja tena hata jini akitoka. Aliwaza vidole vya Frankline vilivyozama. Machozi yakamtoka.

"Toka," alisema. "Sikutaki. Toka nyumbani kwangu."

Chuma kilikatika ndani ya shingo kwa mlio wa mfupa. Nyuzi zote sita zikalegea mara moja. Harufu ikaisha, dirisha likagongagonga kwa upepo wa kawaida, na huko chini mtu alikuwa akiuza sukuma wiki kwa sauti kubwa. Mumin alijipangusa uso, akaifunga shingo ile kwenye gunia aende nayo, akasema kwaheri.

Wacera alipata shingo nyingine, ya mti mweupe wa kawaida, akaifunga, akaipima kwa siku tatu. Haikusogea. Alilipeleka gita kanisani mwenyewe. Frankline alilipokea mlangoni kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa na bendeji, akamshukuru, akamwombea Mungu ambariki. Hakumwambia aingie.

Ruqiyo alikuwa akibisha hodi kila jioni wiki ya kwanza. Halafu mbuzi wakawa wengi sokoni, akawa anarudi amechoka, na salamu zikarudi kuwa za ngazini. Wacera alikonda. Alisema ni homa.

Alasiri moja, mwezi na nusu baadaye, Ruqiyo alikuwa akikunja nguo alipomsikia mwanamke akiongea upande wa pili wa ukuta, na mwanamume akamjibu. Nguo zilimwanguka. Alisubiri. Mwanamke akauliza kitu, mwanamume akajibu tena, sauti ileile isiyo na haraka. Ruqiyo alishuka ngazi bila viatu, akampigia mjomba wake simu akiwa barabarani.

Mumin alifika baada ya nusu saa. Hakwenda kwa Wacera. Aliingia kwa Ruqiyo, akaweka sikio ukutani, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu. Alipojitoa ukutani uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hapo hakuna jini," alisema.

"Mjomba, mimi nimemsikia."

"Hata mimi nimemsikia. Ni yeye. Anajiuliza, anajijibu." Akageuka kutafuta viatu vyake. "Mimi huyo sina la kumsomea."

Akavaa viatu vyake, akaondoka.

Ruqiyo alibaki na ukuta. Aliogopa kuliko siku ile ya gita, na hakujua kwa nini, kwa kuwa siku ile kulikuwa na kitu na leo hakuna. Alienda akagonga mlango wa Wacera. Sauti zote mbili zilinyamaza kwa pamoja. Kisha ile ya kiume ikauliza, taratibu, "Nani?"

"Ni mimi, Ruqiyo," alisema. "Fungua, dada."

Hatua za mtu mmoja zikasogea. Wacera akafungua. Alikuwa amechana nywele, amevaa nguo nzuri. Kwenye meza, mahali pa kazi, palikuwa na vikombe viwili vya chai, na viti viwili vimetazamana. Alimkaribisha Ruqiyo kwa adabu, kisha akaona anaelekea kukaa wapi, akamshika mkono.

"Hapo usikae," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Pana mtu."

Ruqiyo alikitazama kile kiti. Kilikuwa kitupu, na alijua kwamba ni kitupu, na bado nywele zilimsimama. Akasema bismillahi kimoyomoyo, akakivuta, akakikalia.

Wacera alimkodolea macho. Ruqiyo hakuinuka. Alivuta kikombe kilichokuwa mbele yake, chai imepoa na imefanya utando, akanywa.

"Haya," alisema. "Niulize mimi."