Sindano Moja Ndani ya Krosi

Kila mchana alipotoka shuleni, Mwanahawa alivua sare, akala kilichobaki jikoni, kisha akavuka barabara kwenda kwenye gereji ya baba yake pale Kibiti. Aliosha spana kwa mafuta ya taa na kufagia vumbi lililolowa oili. Alikuwa darasa la saba, na mkono wake ulikwisha kuizoea nyundo.

Siku moja alikuta Landrova ya zamani ya marehemu babu yake imeegeshwa gerejini. Binamu yake Muhidini, ambaye ndiye dereva wa gari hilo, alikuwa ameinama akichungulia chini ya gari.

"Kila nikibadilisha gia inagonga ko! ko!" alisema Muhidini. "Na kesho tunampeleka Bibi Umatumbi."

Safari hiyo Bibi Mwanabibi aliisubiri tangu masika iishe. Babu yake Bibi huyo aliuawa katika Vita vya Maji Maji, akazikwa huko kwenye vilima vya kusini. Bibi alitaka kufika na kumsomea dua kabla miguu yake haijamkatalia. Njia ya huko ilikuwa ya mawe na miteremko mikali, na gari la familia lililoweza kuipanda ni hilo tu.

Baba, Fundi Dadi, alijilaza chini ya gari. Kwa mkono wa kushoto aliishika propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, akaitikisa. Ilicheza.

"Krosi imekwisha. Imekosa grisi mpaka imelika," alisema. Kisha akautazama mkono wake wa kulia uliofungwa bendeji. Jeki ilikuwa imemteleza na kumbana kifundo. "Nyundo siiwezi. Mwanahawa, utaifunga wewe."

"Mimi, Baba?"

"Umeniona nikifanya mara nyingi. Nami nipo hapa."

Mwanahawa alifungua bolti, akaishusha propela na kuibana kwenye jiriwa, kile kibanio cha chuma cha mezani. Krosi ni chuma chenye umbo la msalaba kinachoiunganisha propela. Kila ncha huvikwa kikombe kidogo, na ndani ya kikombe hupangwa sindano nyembamba za chuma zinazokaa kwa grisi. Zile za zamani zilitoka zimeshika kutu, nyingine zimekuwa unga. Jasho lilimtiririka, lakini hakupumzika mpaka alipobakiza kikombe cha mwisho cha krosi mpya aliyoinunua Muhidini dukani.

Adhana ya alasiri ilisikika. Baba akaenda msikitini.

Kikombe hicho kiligoma. Mwanahawa alikigonga, kikaingia kidogo, kikasimama. Klipu ya kukizuia haikukaa kwenye mfereji wake.

"Piga kwa nguvu, dada," Muhidini alihimiza. "Jua linakwenda."

Alipiga kwa nguvu. Klipu ikashika, lakini nusu tu.

"Basi, imeshika! Paka grisi, tuifunge. Ikiwa ndani ya gari nani ataiona?"

Mwanahawa aliizungusha krosi kwa mkono. Ilikuwa nzito, inakwamakwama. Akamwaza Bibi amekaa kiti cha mbele, gari likipanda kilima, propela ikikatika na gari kuanza kurudi nyuma.

"Naifungua," alisema.

"Mwanahawa! Tutachelewa!"

Msichana akaigeukia jiriwa. Alikitoa kikombe, akakuta sindano moja imeanguka na kulala chini, imepindika kwa kipigo chake. Kikombe kimeharibika.

Baba aliporudi, Mwanahawa hakungoja kuulizwa. "Baba, sindano ilianguka sikuiona. Nikalazimisha kwa nyundo. Nimeiharibu krosi."

Baba alikishika kile kikombe, akakigeuzageuza. Dukani Kibiti krosi ya namna hiyo ilikuwa hiyo moja tu. Alipiga simu Ikwiriri. Ilikuwepo, lakini ingefika kesho yake. Mwanahawa akaenda mwenyewe nyumbani kumweleza Bibi, machozi yakimlengalenga.

"Babu yangu amenisubiri zaidi ya miaka mia," alisema Bibi. "Siku moja haitamuudhi. Nenda ukalale, uifunge vizuri."

Krosi ilipofika, Mwanahawa alichungulia kila kikombe kabla ya kukisukuma. Alizigandisha sindano kwa grisi, akakibana taratibu kwa jiriwa bila haraka, hata Muhidini alipoguna. Klipu ziliingia zote: ta! Alipoizungusha, krosi ilikwenda laini.

Alfajiri iliyofuata walivuka mto Rufiji, wakaziacha nyumba za barabarani na kuanza kupanda vilima. Landrova ilinguruma, ikateleza kwenye mawe, ikapanda. Chini hapakugonga kitu. Muhidini alimtazama Mwanahawa kupitia kioo, akatikisa kichwa akitabasamu.

Walipomaliza dua kaburini, Bibi alimshika Mwanahawa mkono.

"Wazee wetu hawa waliambiwa kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji," alisema. "Waliamini, wakasonga mbele. Ushujaa walikuwa nao, mjukuu wangu; kilichowaponza ni ile ahadi. Mtu akikukabidhi roho yake, mwambie kweli, hata kama kweli hiyo inachelewesha safari. Wewe juzi uliniambia kweli. Ndiyo maana leo nimefika."